Safari ya Kutazama Wanyama, na Mteremko wa Salgaa

Sisi tuliozaliwa katika nchi ya baridi, kati ya Timboroa na Molo, husikia habari za wanyama wa Nakuru tangu utotoni, lakini ni wachache waliokwenda kuwatazama. Wageni huvuka bahari kuja kuwaona, nasi twapita karibu na mlango wao tukipeleka viazi sokoni. Kwa hiyo Jumamosi moja tulikutana rafiki wanne: mwalimu, mkulima, mwenye motakaa, na mimi karani. Tulichanga fedha za petroli na za kiingilio, tukaondoka Timboroa alfajiri.

Njiani maongezi yetu yote yalikuwa ya simba. Mkulima aliapa kwamba hatafungua kioo cha dirisha hata simba akibisha hodi.

Tulipopita Mau Summit na kufika Sachangwan, barabara ilianza kuteremka. Mwenye motakaa, kwa kutaka kuokoa petroli, aliitoa gari katika gia akaliacha lishuke lenyewe. Mwanzoni tulifurahia upepo. Kisha mwendo ukazidi, naye akawa anakanyaga breki mara kwa mara, hata harufu ya kitu kinachoungua ikatuingia puani. Mbele yetu palikuwa na lori, na nyuma yetu lori jingine. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, rudisha gia." Akairudisha, injini ikanguruma na kulizuia gari. Tulifika Salgaa hakuna anenaye.

Salgaa ni kituo cha madereva wa malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo. Hapo huegesha, hula na kulala. Tulipokuwa tukinywa chai, dereva mmoja mzee aliona moshi mwembamba ukitoka magurudumuni mwetu, akatujia.

"Mwaenda wapi, wanangu?"

"Twaenda Nakuru, Mzee, kutazama simba."

"Simba wenu mmekwisha kumpita," akajibu. "Yuko kule mlimani mlikotoka."

Akatueleza kwamba breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva akizikanyaga mfululizo katika mteremko mrefu, hupata joto hata zikakosa nguvu. Dawa yake ni kutia gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe ilishike gari. Mwenye kuitoa gia hutaka kuokoa kikombe cha petroli, na huweza kulipa kwa roho za watu.

Mzee huyo hakutia chumvi. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Baadaye barabara ilitiwa ukuta katikati ili magari yasikutane uso kwa uso. Lakini ukuta haumzuii dereva asiitoe gari katika gia.

Tuliposhukuru na breki zilipopoa, tuliendelea hadi Nakuru, tukaingia katika hifadhi. Mahali hapa palitengwa mwaka 1960 kwa ajili ya ndege, na sasa eneo lake ni kilomita za mraba 188, nalo limezungushiwa ua. Tuliona nyati, pundamilia, na twiga ambao wazazi wao walianza kuletwa mwaka 1977 kutoka magharibi ya Kenya. Tuliona pia vifaru wa aina mbili. Mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi. Mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvutia majani ya vichaka. Mkulima akasema, "Basi huyu ni ng'ombe, na yule ni mbuzi." Sijasikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Ndege wekundu waitwao heroe hawakuwa wengi kama tulivyotazamia. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda sana, na magadi yake yamepungua ukali. Mwani wa kijani waulao heroe nao ukapungua, wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Simba tulimwona saa tisa, amelala chini ya mgunga. Alitutazama mara moja, akafumba macho.

Lakini lililonigusa zaidi ni dogo. Ngiri alivuka njia na watoto wake watatu, na mwenye motakaa, pasipo kuambiwa, akasimama kabisa mpaka wa mwisho akapita. Mwalimu akamwambia, "Hapa wamngojea ngiri na watoto wake. Asubuhi, sisi watoto wa watu hukutungojea." Rafiki yetu hakukasirika. Akainamisha kichwa, akasema, "Kweli, nimekosa."

Kabla ya kurudi alipeleka gari kwa fundi mjini, breki zikakaguliwa, na malipo yake yakazidi mara nyingi ile petroli aliyotaka kuokoa.

Ndugu wasomaji, nendeni mkawatazame wanyama wa nchi yenu. Ni haki yenu kama ilivyo ya wageni. Lakini kumbukeni kwamba mwenda pole hajikwai. Simba wa Nakuru tulimpita karibu wala hakutudhuru. Aliyetaka kutuua tulikuwa naye garini tangu Timboroa, na jina lake ni haraka.