Viti vya nyuma vinatoka, benchi inaingia: shasi inabaki na nguvu gani?

Kalemie, gari ndogo inayofika kwa njia ya ziwa kutoka Kigoma haikai siku nyingi bila kuguswa na fundi. Mwenye gari anataka ibebe. Viti vya nyuma vinatolewa, benchi ya chuma inachomelewa, resori zinaongezwa, na mwisho mtu anagonga bodi kwa mkono na kusema: sasa hii iko tayari kwa njia ya Nyunzu.

Mwenye gari ana sababu zake. Barabara ni mbovu, mafuta ni ghali, na safari ya watu watatu hairudishi pesa. Lakini kuna maneno moja ambayo wengi hawaulizi: viti vile na vyuma vile vilivyokatwa vilikuwa vinafanya kazi gani? Anayekaa juu ya ile benchi ndiye wa kwanza kuhitaji jibu.

Gari si zote zimejengwa namna moja

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni gari yenye shasi ya kweli: vyuma viwili virefu kutoka mbele mpaka nyuma, vinaunganishwa na vyuma vya kukatiza kama ngazi. Bodi inawekwa juu na kufungwa kwa boliti. Lori zimejengwa hivyo, na pia Toyota Hilux na Land Cruiser zile ngumu ambazo kila mtu wa Tanganyika anazijua. Ukitoa kiti kwenye gari ya namna hii, ngazi ya chini inabaki nzima.

Aina ya pili ni gari ndogo nyingi za leo, teksi na gari za familia. Hizo hazina ngazi. Bodi yenyewe ndiyo shasi. Sakafu, nguzo za milango, paa, na ile sehemu ya chuma nyuma ya kiti cha nyuma, vyote vinashikana kama sanduku moja. Ukikata upande mmoja wa sanduku, pande zote zingine zinalegea.

Anayetaka kuelewa vizuri aende pwani aangalie mtumbwi wa mbao. Kuna mbao zinazovuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Abiria anazikalia, kwa hiyo anafikiri ni viti tu. Mvuvi anajua zaidi: mbao hizo zinashikilia mbavu zisifunguke wakati wimbi linapiga. Ukitoa moja ili kupata nafasi ya samaki, mtumbwi hautazama siku hiyo. Utaanza kulegea kidogo kidogo, na maji yataingia siku ya upepo mkali. Na gari ni hivyohivyo.

Wale wa mashindano wanafanya nini?

Wengine wanajibu: mbona gari za mashindano zinatolewa viti vya nyuma na bado zinakimbia porini? Ni kweli, na mfano mzuri uko karibu, Kenya. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na miaka ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ilishindwa na Datsun 240Z, gari ya michezo ya viti viwili, ndogo na ya chini. Mshindi wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, ambaye alishinda mara 5 kwa jumla. Mwaka 2021 mashindano hayo yalirudi kwenye ubingwa wa dunia, kule Naivasha.

Lakini angalia ndani ya gari ya rali ya leo. Viti vya nyuma vimetoka, ndiyo, ila nafasi yake imejazwa na kizimba cha mabomba ya chuma. Mabomba yanapanda kutoka sakafuni, yanapita chini ya paa, yanashuka mpaka pale ambapo shokapu za nyuma zinashika bodi. Katikati yamewekwa mengine ya mshazari. Kwa hiyo fundi wa rali anatoa kilo chache za viti na kurudisha nguvu kubwa kuliko ile aliyoitoa. Halafu gari inabeba watu wawili tu, wamefungwa mikanda.

Huku kwetu mara nyingi tunachukua nusu ya kwanza ya kazi hiyo: kutoa. Nusu ya pili, kuimarisha, inabaki. Na badala ya watu wawili, tunapakia tisa.

Kwa nini mshazari?

Mwangalie seremala anapotengeneza mlango wa mbao. Akipiga mbao nne tu, mlango unapinda baada ya miezi michache. Akiongeza ubao mmoja wa kona hadi kona, unanyooka miaka. Pembe nne zinaweza kulala upande, pembe tatu haziwezi. Ndiyo maana chuma cha kuimarisha gari kinatakiwa kutengeneza pembe tatu. Chuma kimoja kilichonyooka katikati ya sakafu kinaongeza uzito, lakini hakizuii gari kujipinda wakati gurudumu moja liko shimoni na lingine liko juu.

Uzito nao una hesabu yake. Tuseme umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.5. Benchi imewekwa nyuma kabisa, nusu mita kupita ekseli ya nyuma, na watu wawili wa kilo 150 kwa pamoja wamekaa juu. Ekseli ya nyuma haibebi 150, inabeba 180. Zile 30 za ziada zinatoka mbele, kwa sababu gari inafanya kama mizani. Mbele kukiwa kwepesi, usukani na breki za mbele vinapoteza nguvu. Shofa anasikia gari inaogelea, anafikiri ni mipira, kumbe ni benchi.

Kuongeza resori hakuondoi tatizo hilo. Resori ngumu zinazuia mkia wa gari kushuka, lakini kila kishindo cha shimo sasa kinaenda moja kwa moja kwenye bodi.

Moto wa kuchomelea

Chuma kikipata joto kali kinabadilika. Vyuma vya nguzo na vya chini kwenye gari nyingi za leo vimekazwa kiwandani kwa namna ya pekee, na moto wa kuchomelea unavilainisha. Ufa hauanzii katikati ya mshono, unaanzia pembeni yake, pale chuma kilipopata joto.

Kuna hatari nyingine inayoweza kuua papo hapo. Kwenye gari nyingi ndogo, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, palepale fundi anapotaka kuchomelea. Tangi lenye mafuta kidogo si salama kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Kabla ya kazi, tangi litolewe na kuwekwa mbali, na waya za betri zifunguliwe.

Namna ya kupunguza hatari

Anayelazimika kubadilisha gari anaweza kufuata mambo haya:

Kwanza, asikate chuma chochote cha kukatiza sakafuni wala kile cha nyuma ya kiti. Kiti kinafunguliwa kwa boliti, si kwa msumeno.

Pili, benchi mpya ishike kwenye matundu ya boliti ya kiwandani. Kama hayatoshi, kila boliti mpya iwekewe bamba pana la chuma chini ya sakafu, ili isichane bati.

Tatu, benchi ikae mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, isipite nyuma.

Nne, mikanda isitupwe. Gari ikigonga kwa kilomita 50 kwa saa, abiria asiyefungwa anarushwa kwa nguvu sawa na ya mtu anayeanguka kutoka mita 10 hivi, yaani jengo la ghorofa tatu. Benchi isiyoshikwa vizuri inamfuata mgongoni.

Tano, kwa safari za mizigo mizito kwenye barabara ya udongo, gari yenye shasi ya ngazi inabaki chaguo bora, hata kama imezeeka kuliko ile ndogo inayong'aa.

Alama za gari iliyochoka

Abiria hahitaji kuwa fundi. Mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unataka kuinuliwa. Kioo cha mbele kinapasuka bila jiwe. Mipira inalika upande mmoja. Gari inalia kwenye kona kama kitanda cha zamani. Rangi imepasuka karibu na mahali shokapu inaposhika bodi. Alama moja inaweza kuwa jambo dogo. Zikiwa mbili au tatu pamoja, gari inasema yenyewe kwamba sanduku limefunguka.

Kabla ya kupanda, mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kushika benchi na kuitikisa kwa mkono. Kama inacheza wakati gari imesimama, barabarani itang'oka. Kumwambia shofa hivyo si kumdharau, maana naye amekaa ndani ya sanduku hilohilo.