Audrey Hepburn: mtoto wa njaa aliyekuwa nyota wa sinema



Wiki hii tunawaletea maisha ya mwanamke ambaye wengi wetu tumeiona sura yake bila kujua jina lake. Picha yake hutundikwa saluni na huchapwa kwenye mifuko na fulana: gauni jeusi, lulu shingoni, nywele zimefungwa juu. Anaitwa Audrey Hepburn. Alikuwa mmoja wa wachezaji wa sinema waliopendwa zaidi duniani katika miaka ya 1950 na 1960.

Hatumwandiki kwa ajili ya urembo tu. Tunamwandika kwa sababu alipokuwa na umri wa watoto wetu wa sekondari alilala njaa, na njaa hiyo ilimfungia njia moja ya maisha na kumfungulia nyingine. Tena, sinema yake moja kubwa ilipigwa hapa kwetu, Kisangani.

Baba aliondoka, vita ikaingia

Audrey alizaliwa tarehe 4 mwezi wa tano 1929 huko Ixelles, katika Bruxelles, Ubelgiji. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa wa ukoo mkubwa wa Uholanzi. Baba yake alikuwa raia wa Uingereza. Nyumbani walikuwepo pia kaka zake wawili, watoto wa ndoa ya kwanza ya mama.

Mwaka 1935 baba aliondoka, akaacha jamaa. Audrey alikuwa na miaka sita. Miaka mingi baadaye, akiwa na sifa na mali, alisema kwamba hilo ndilo jambo lililomuumiza kuliko yote maishani. Tulitafakari hapo sisi walimu, maana wapo watoto wengi darasani mwetu wanaobeba jambo hilohilo bila kulisema.

Vita ya pili ya dunia ilipoanza mwaka 1939, Audrey alikuwa anasoma Uingereza. Mama alimrudisha Uholanzi, katika mji wa Arnhem, akifikiri kwamba vita haitafika huko. Ella mwenyewe aliwahi kuvutiwa na siasa ya Hitler. Mwezi wa tano 1940 jeshi la Hitler likaingia Uholanzi, na macho yake yakafunguka kwa uchungu. Mwaka 1942 shemeji yake, mume wa dada yake, alipigwa risasi pamoja na mateka wengine. Kijana wake mmoja alipelekwa Ujerumani kufanya kazi ya nguvu.

Katika miaka hiyo Audrey alikuwa anajifunza ngoma ya baleti. Alisimulia kwamba walicheza katika nyumba zilizofungwa madirisha, ili kuchangisha pesa za kusaidia wapinzani wa Wajerumani. Watu waliotazama hawakupiga makofi, kwa maana sauti ingewaleta askari mlangoni.

Baridi ya njaa

Mwezi wa tisa 1944 majeshi ya Uingereza na wenzao walijaribu kuteka daraja la Arnhem, wakashindwa. Wafanyakazi wa treni wa Uholanzi waligoma, na Wajerumani wakazuia chakula kisifike katika miji. Baridi ilikuwa kali, kuni hakuna, mkate hakuna. Watu karibu 20.000 walikufa kwa njaa na baridi. Waholanzi wanaiita mpaka leo Baridi ya Njaa.

Audrey alikuwa na miaka kumi na tano, akiishi na mama na babu katika kijiji cha Velp, karibu na Arnhem. Watu walikula hata mizizi ya maua ya tulipu, ile iliyo ya mviringo kama kitunguu. Damu ilimpungukia, miguu ikavimba, ngozi ikawa ya manjano. Wamama wa Kivu waliowahi kulea mtoto mwenye bwaki wanaelewa maneno haya bila kufafanuliwa.

Ukombozi ulifika mwezi wa nne 1945. Kisha likafika shirika la msaada, UNRRA, likiwa na chakula, dawa na nguo. Audrey alikumbuka maisha yake yote kwamba alikula uji uliojaa sukari mpaka akaugua, kwa maana tumbo lilikuwa limesahau chakula. Mwaka uliofuata, 1946, Umoja wa Mataifa uliunda UNICEF kwa ajili ya watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita ile.

Ndoto iliyokatika

Mali ya jamaa ilikuwa imekwisha. Mama yake, binti wa ukoo mkubwa, alifanya kazi ya kupika na kutunza nyumba ya matajiri huko Amsterdam ili Audrey aendelee na masomo ya baleti. Mwaka 1948 wakaenda London, katika shule ya mwalimu maarufu Marie Rambert.

Huko Audrey aliuliza swali ambalo mwanafunzi huogopa kuuliza: je, nitafika juu kabisa? Rambert alimjibu kweli. Angeweza kuishi kwa kucheza, lakini mchezaji wa kwanza hatakuwa. Alikuwa mrefu kuliko ilivyotakiwa, na mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na miaka ya njaa. Wenzake walikuwa wamekula na kujizoeza kila siku wakati yeye alikuwa anatafuta mizizi ya maua.

Basi akatafuta mkate mahali pengine. Alicheza katika maonyesho ya muziki, kati ya wasichana wa mstari wa nyuma, kisha akapata nafasi ndogo katika sinema. Mwaka 1951, akipigwa sinema huko Monte Carlo, alionwa na Colette, mwandishi mzee wa Ufaransa, aliyeamua palepale kwamba msichana huyu ndiye atakayecheza Gigi, mhusika wa kitabu chake, katika teatro ya New York.

Mwaka 1953 ikatoka sinema *Roman Holiday*, ambamo anaigiza binti wa mfalme anayetoroka kazi zake kwa siku moja katika mji wa Roma. Gregory Peck, aliyeigiza naye, alikuwa nyota tayari. Aliona uwezo wa msichana huyu akaomba jina lake liandikwe juu pamoja na la kwake. Mwaka 1954 Audrey alipata tuzo ya Oscar, na siku chache tu baadaye tuzo ya Tony kwa kazi ya teatro. Kisha zikafuata *Sabrina*, *Funny Face*, *Breakfast at Tiffany's* mwaka 1961 na *My Fair Lady* mwaka 1964.

Magazeti yalisifu wembamba wake, na wasichana wa nchi nyingi wakajinyima chakula wafanane naye. Ni wachache waliokumbuka kwamba mwili ule ulikua katika vita, bila chakula cha kutosha. Wasichana wetu wanaotazama picha zake leo walijue jambo hilo.

Sista Luke katika Kisangani

Mwanzoni mwa mwaka 1958 Audrey alifika Kongo. Kisangani iliitwa Stanleyville wakati ule. Sinema ilikuwa *The Nun's Story*, ya Fred Zinnemann, juu ya msichana wa Ubelgiji anayekuwa sista na muuguzi na kutumwa Kongo. Hadithi ilitoka katika maisha ya kweli ya Marie Louise Habets, sista aliyefanya kazi ya uuguzi hapa kwetu na baadaye akaacha utawa. Sehemu nyingine ilipigwa Yakusu, kando ya mto, mahali palipojulikana kwa kazi ya kuwatunza wagonjwa wa ukoma.

Tuseme wazi: ni sinema ya wakati wa ukoloni. Wakongo wanaonekana humo kama wagonjwa na wasaidizi. Hata wasaidizi wawili wa hospitali, Kalulu na Illunga, waliigizwa na Orlando Martins wa Nigeria na Errol John wa Trinidad. Miaka miwili baada ya sinema kupigwa, Kongo ilipata uhuru. Lakini mwenye kuitazama leo ataona pia mto wetu na watu wetu wa zamani zile, na ataona uso wa Audrey ukibeba maumivu ya mwanamke anayejiuliza kama utii wake na dhamiri yake vinaweza kukaa pamoja. Kazi hiyo ilimpa nafasi nyingine ya kushindania Oscar.

Mama kwanza

Alichotamani zaidi ni watoto, na mimba zake kadhaa ziliharibika. Mwaka 1959, akiwa mjamzito, alianguka kutoka juu ya farasi katika kupiga sinema huko Mexico, akavunjika mgongo. Aliyekuja kumuuguza alikuwa Marie Louise Habets mwenyewe, yule sista wa zamani. Mimba ile nayo ilipotea. Kijana wake wa kwanza, Sean, alizaliwa mwaka 1960, na wa pili, Luca, mwaka 1970. Kuanzia mwaka 1967 aliacha sinema, akarudi mara chache tu, ili alee watoto. Ndoa zake mbili zilivunjika. Baba yake alimtafuta kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, akampata Dublin. Mzee alikuwa baridi kwake, naye hata hivyo alimsaidia kwa pesa mpaka alipokufa.

Mwaka 1988 UNICEF ilimfanya balozi wake. Safari ya kwanza ilikuwa Ethiopia, kwa watoto yatima wa Mek'ele, wakati wa njaa. Kisha akaenda Sudan, Bangladesh, Vietnam na nchi za Amerika ya Kati. Mwezi wa tisa 1992 alikwenda Somalia, ambako alikuta watoto wanakufa kila siku. Alirudi akisema na waandishi wa habari bila kuchoka, huku tumbo likimuuma. Ilikuwa kansa. Alikufa nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi, tarehe 20 mwezi wa kwanza 1993, akiwa na miaka 63.

Kwa jamaa zetu

Sisi tunaofundisha tunajua mtoto aliyekuja masomo bila kula. Anaandika tarehe, kisha anainamisha kichwa. Maisha ya Audrey yanatuambia mambo mawili juu yake. La kwanza ni gumu: kile njaa inachokiiba katika miaka ya kukua, hata Oscar hairudishi. La pili linatia moyo: bakuli la uji halisahauliki. Yeye alilikumbuka kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka likamtoa katika bustani yake Uswisi na kumpeleka Somalia.

Basi, mama unayeamka alfajiri kukoroga uji wa masoso kabla ya kwenda soko, na jirani unayemwita mtoto wa mwingine aje akae na wako kwenye sahani, kazi hiyo ni kubwa hata kama hakuna anayepiga picha. Jioni moja wiki hii, wasomeeni watoto ukurasa huu, kisha waulizeni: katika darasa lako, ni nani anayekuja bila kula?