Kushindwa, Kuangushwa na Kuenguliwa: Lugha ya Aliyekosa Kura na Tamthilia ya Kejeli kutoka Bariadi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nyenzo za lugha na za sanaa alizo nazo mtunzi anayetaka kuandika tamthilia ya kejeli ya kisiasa baada ya kushindwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa kurejelea Bariadi na mkoa wa Simiyu. Hoja yake ni kwamba kitenzi ambacho mtunzi anakitumia kujieleza kuhusu kushindwa kwake huamua aina ya mchezo atakaouandika, na kwamba mapokeo ya ngoma za mashindano za Wasukuma yana mhusika ambaye tamthilia andishi ya Kiswahili imemwacha nje ya jukwaa: mshindwa anayechekwa.

Utangulizi

Mtu aliyegombea uenyekiti wa kitongoji wilayani Bariadi akakosa, kisha akakaa kitako kuandika mchezo wa kuwakejeli wanasiasa, ana matatizo mawili ambayo mtunzi wa kejeli ya kitaifa hana. La kwanza ni ukaribu. Anaotaka kuwakejeli huteka maji kisima kimoja naye na huzika naye. La pili ni kwamba yeye mwenyewe ni sehemu ya kisa. Hadhira inajua kura alizopata. Kila neno atakalolitia kinywani mwa mhusika litasikika kama neno lake, na kabla ya onyesho la kwanza kumalizika patakuwa na wa kuuliza: huyu anaandika tamthilia au anakata rufaa?

Swali hilo si la kijinga. Linagusa tofauti kati ya kejeli na kijembe, ambayo wahakiki wa Kiswahili huitaja mara nyingi na kuichambua mara chache. Kijembe humlenga mtu, na hutosheka akiumia. Kejeli humpita mtu ikaufikia mwenendo, na ili ifike huko yampasa msemaji naye awe ndani ya duara la wanaochekwa.

Vitenzi vya kukosa kura

Kiswahili cha uchaguzi kina vitenzi kadhaa vya kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni moja. Mgombea anaweza kusema ameshindwa. Kitenzi hiki ni cha kutendwa (shind-w-a), na mtenda anaweza kutajwa: nimeshindwa na fulani. Anaweza kusema ameanguka, na hapo kiambishi -k- kinamwondoa mtenda kabisa. Mtu huanguka kama embe, bila wa kulaumiwa. Akisema ameangushwa, unyambulishaji wa kutendesha na kutendwa unamrudisha mtenda kwa nguvu, hata asipotajwa. Mtu hawezi kuangushwa na hewa. Kisha kuna msemo wa staha, ule wa kura hazikutosha, ambamo mgombea hayumo kabisa katika nafasi ya kiima. Zilizopungukiwa ni kura; yeye alikuwa mtazamaji tu.

Kuenguliwa ni jambo jingine. Maana ya msingi ya kuengua ni kuondoa kitu kilicho juu ya kimiminika, kama povu au utando wa maziwa. Katika lugha ya uchaguzi, anayeenguliwa huondolewa kwenye orodha kabla ya siku ya kura, kwa kasoro ya fomu au kwa pingamizi. Neno hili lilisikika sana mwaka 2019, pale vyama kadhaa vya upinzani nchini Tanzania vilipojitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwezi Novemba vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na chama tawala kikazoa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Aliyeenguliwa hana idadi ya kura ya kukumbuka. Hakushindwa na mtu, wala hakuanguka, kwa kuwa hakupanda. Mwenzake naye amepita bila kupingwa, yaani ameshinda shindano lisilokuwepo.

Kila kimoja cha vitenzi hivi kinabeba mchezo wake. Kuanguka kunazaa ucheshi wa mwili na wa majivuno: mtu aliyechinja ng'ombe wawili, kura zake zikahesabika kwa vidole. Kuangushwa kunazaa mchezo wa lawama, ambao mara nyingi ni mbaya, kwa sababu msuko wake unaelekea kwenye kufichua njama ambayo mtunzi ameshaiamini kabla ya kuandika onyesho la kwanza. Kura hazikutosha kunazaa kinaya, kwa kuwa msemaji anasema kwa adabu kitu ambacho yeye na msikilizaji wake wote wawili hawakiamini. Kuenguliwa kunafaa zaidi tamthilia ya ubwege: watu wanamsubiri mshindani ambaye sheria ya mchezo imekwisha kumfuta. Inashangaza kwamba tamthilia ya Kiswahili, ambayo imeujua ubwege, haijakichukua kitenzi hiki na kukipa jukwaa.

Mpinzani asiye na doa

Kielelezo cha kejeli ya kisiasa katika tamthilia ya Kiswahili nchini Tanzania ni Kaptula la Marx ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria kisicho mbali sana na Simiyu. Mchezo huo uliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuchapishwa mwaka 1999. Rais Kapera na mawaziri wake wanasafiri kuitafuta nchi ya Usawa, na vazi lisilomtosha mvaaji linabeba hoja nzima ya mchezo. Kejeli hii inafanya kazi kwa sababu ya umbali. Msomaji anayefahamu historia anajua ni siasa gani inayochezewa, lakini hakuna anayekutana na Kapera mnadani.

Tamthilia za Kenya zilizosomwa sana mashuleni zimefuata njia hiyo ya umbali na kuongeza jambo moja. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) na Kigogo ya Pauline Kea (2015), mtawala ndiye anayekejeliwa, na anayempinga ni safi. Mwelusi, Siki na Tunu hawachekwi. Wanateseka, wanasema kweli, na mtazamaji anatakiwa kuwa upande wao. Mgawanyo huo una sababu zake za kimaadili na za kielimu. Lakini kwa mtunzi aliyetoka kushindwa ni mtego, kwa sababu atajiandika kuwa Tunu. Mtu aliyeomba kura, akagawa kofia na fulana, akaahidi daraja, kisha akakosa, hawezi kuwa Tunu mbele ya watu waliozivaa fulana hizo.

Jambo la pembeni linalostahili kutajwa: cheo cha mtawala dhalimu katika Kifo Kisimani ni Mtemi, neno ambalo Kiswahili kimelipata kutoka katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi. Safari ya neno hili ina kejeli yake yenyewe. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini sungusungu walipoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wao walirudi kuitwa watemi. Kwa msomaji wa Kenya Mtemi Bokono ni ishara ya udikteta. Kwa mtazamaji wa Bariadi neno hilo linaweza kumaanisha babu yake, au mzee aliyeongoza msako wa ng'ombe walioibwa.

Uwanja wa ngoma

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Shinyanga na Mwanza, ni nchi ya pamba na ya ngoma za mashindano. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Bagika na Bagalu, zinazojinasibisha na waasisi wao, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hukutana, zikacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna sanduku wala msimamizi wa kutangaza matokeo kwa maandishi. Mshindi hujulikana kwa umati: watu huhama kutoka duara moja kwenda jingine, na kila mtu anawaona wakihama. Manju anayekimbiwa huku bado anaimba anashindwa hadharani, sentensi kwa sentensi.

Katika mashindano hayo ushindi na kushindwa huelezwa pia kwa dawa, yaani nguvu ya kuvuta watu ambayo kila upande huaminiwa kuwa nayo. Hapa ndipo mtunzi wa tamthilia anapopata kitu ambacho vitabu havimpi. Mshindwa anayesema amezidiwa dawa ni ndugu wa mgombea anayesema ameangushwa. Malalamiko yake yanaweza kuwa ya kweli, lakini hayamwondoi uwanjani. Msimu ujao atarudi na nyimbo mpya, na huenda akatania kule kukimbiwa kwake kabla wapinzani hawajafanya hivyo. Kushindwa kunakuwa mali ya msanii.

Siasa za vyama vingi zilipoingia Bariadi ziliukuta utamaduni huo wa kupambana kwa maneno. Chama cha UDP kilipata viti vitatu vya majimbo katika uchaguzi wa 1995 kikitegemea Usukuma, na mwenyekiti wake, John Cheyo, aliyekuwa mbunge wa Bariadi Mashariki hadi 2015, alijulikana nchi nzima kwa jina la Bwana Mapesa. Kiambishi ma- katika jina hilo kinastahili kutazamwa. Pesa ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, isiyohitaji kiambishi cha wingi. Kuiongezea ma- ni kuipa wingi wa kupindukia, ambao unaweza kuwa sifa au dhihaka kutegemea mdomo unaotamka. Jina la aina hiyo halijaamua linakoelekea, na utata huo ndio mtunzi anaouhitaji.

Ngeli ni silaha kubwa ya kejeli kwa ujumla. Sentensi ya kubuni kama Kimwenyekiti kimekuja na kifomu chake humpunguza mtu hadi kuwa kitu bila tusi hata moja. Kisukuma kina udogoshi wake, ka- kwa umoja na tu- kwa wingi, na mzungumzaji wa lugha zote mbili anaweza kuupitisha upunguzaji huo mara mbili katika mazungumzo yaleyale. Vichekesho vya mijini vimezoea kumfanya Msukuma achekwe kwa lafudhi yake. Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Bariadi ungegeuza mizani: anayechekesha angekuwa yule mwenye Kiswahili kilichonyooka mno, anayejibu swali la mzani wa pamba uliochezewa kwa kusema mchakato unaendelea na changamoto zimepokelewa. Hata neno takrima lingefaa. Liliingia katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 kama ukarimu wa desturi, na Mahakama Kuu ikaubatilisha ukarimu huo mwaka 2006.

Jina la jirani

Linabaki tatizo la ukaribu. Umbali wa Kezilahabi haupatikani kitongojini. Mtunzi akiita kijiji Cheneo au Sagamoyo, wazee watamtambua kila mhusika kabla hajaketi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 na sheria za kashfa zinamkumbusha kwamba jina lililofichwa vibaya ni hatari kuliko lililoachwa. Waswahili wa pwani walilikabili jambo hili mapema. Washairi wa Lamu waliolumbana katika mashairi ya Kimwondo wakati wa uchaguzi wa katikati ya miaka ya 1970, ambayo Assibi Amidu aliyafanyia utafiti, walijuana wote, na kila upande ulijua jibu lilikuwa njiani. Kujibiwa ndiko kulikowatia adabu. Kisa cha Abdilatif Abdalla kinaonyesha upande mwingine: fomu za wagombea wa chama chake cha KPU zilikataliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Kenya wa Agosti 1968, na Novemba mwaka huo aliandika Kenya: Twendapi?, waraka wa wazi usio na fumbo. Alifungwa miaka 3. Mafumbo yalikuja katika Sauti ya Dhiki (1973), yakiwa yametungwa gerezani.

Usukumani kuna mfano ulio karibu zaidi na jukwaa. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo kijijini Malya, wilayani Kwimba, jirani na Maswa. Wanakijiji walibuni maonyesho kuhusu matatizo yao kwa kutumia sanaa wanazozimiliki, ikiwamo wigaashe, ngoma inayochezwa kwa kuketi. Katika mbinu hiyo hakuna mtunzi mmoja wa kushtakiwa, na onyesho hufuatwa na mjadala ambamo kiongozi aliyeguswa ana haki ya kusimama na kujibu.

Mtunzi aliyeshindwa akiukubali utaratibu huo atapoteza kitu. Atapoteza neno la mwisho. Mwenyekiti aliyemshinda atasimama baada ya onyesho, mbele ya umati uleule uliopiga kura, na huenda akamjibu kwa wimbo. Umati nao utakuwa na miguu ya kuhama.