Kiwanja Huanzia Nyumbani



Katika vikao vya kamati za parokia, suala la michezo ya vijana mara nyingi huishia kwenye maombi ya mipira na jezi. Tunashukuru kwa michango hiyo. Hata hivyo, anayeamua kama kijana atafika kiwanjani jioni ni familia yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Utafiti wake wa nchi 146, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa mwaka 2016 vijana 81 kati ya 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Kwa wasichana walikuwa 85, kwa wavulana 78.

Kutembea kwenda shule, kulima na kuchota maji nayo ni mazoezi. Lakini kijana wa mjini hushuka kwenye daladala, akaingia tuisheni, kisha akakaa mbele ya televisheni au simu.

Familia huchangia kwa njia tatu. Kwanza ni mfano: mtoto hufuata anachokiona kwa baba na mama, si wanachosema. Pili ni ratiba: mvulana huweka begi na kukimbilia kiwanjani, dada yake huelekezwa jikoni. Tatu ni kauli. Binti akivunja ungo huambiwa, "Umekuwa mkubwa, acha kurukaruka." Wengi huacha hapo, wakati mifupa yao bado inajengeka. Mazoea ya kukaa tu huwaongezea hatari ya kisukari na shinikizo la damu ukubwani.

Tunafahamu kwamba wazazi huwazuia mabinti kwa kuhofia usalama wao. Hofu hiyo ina msingi, hivyo tuijibu kwa vitendo. Tunaziomba kamati zipange michezo ya mabinti imalizike kabla ya giza, akina mama wawili wawepo kiwanjani kwa zamu, na mavazi ya heshima yakubaliwe na wazazi wenyewe. Katika jumuiya ndogo ndogo, tuzungumze juu ya kugawana kazi za jioni kati ya kaka na dada.

Kwa wafadhili wetu: mpira mnaoutoa utadumu zaidi ukiambatana na semina ya wazazi. Samaki mkunje angali mbichi.

Mungu awabariki.