Neno la Siri Si Mali ya Mwenye Duka

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakishatangazwa, nyumba nyingi za Bukene huingia katika shughuli ambayo babu zetu hawakuijua. Zamani kijana aliyetafuta elimu alipanda gari la moshi kwenda Tabora, bahasha ya vyeti kwapani. Siku hizi maombi ya chuo kikuu, na yale ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hufanywa kwa intaneti. Na kwa kuwa si kila nyumba ina kompyuta, kijana hufuatana na baba yake mpaka steshenari, wakaketi juu ya benchi, na mwenye duka akawafanyia kila kitu. Huulizwa majina, hutoa vyeti, hulipa, hupewa karatasi, hurudi nyumbani na furaha. Wala hakuna aulizaye ni nani aliyebaki na ufunguo.

Twasema haya kwa kuwa tumeyaona. Kijana mmoja katika jamaa zetu alifunguliwa akaunti kwa namna hiyo. Anwani ya barua pepe mwenye duka aliitunga pale pale. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya duka, maana simu ya baba ilikuwa imezimika chaji. Na neno la siri lilikuwa lile lile walilowekewa wateja wote, ili yeye mwenye duka asisahau. Majina yalipotoka, kijana alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili. Sasa, utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu ni kwamba mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja, kwa namba maalumu anayotumiwa kwa simu au kwa barua pepe, kabla ya siku iliyowekwa. Namba ile ilitumwa, nayo ikaingia katika simu ya mtu aliyekuwa msibani mkoa mwingine. Aliporudi, siku zilikuwa zimepita. Awamu iliyofuata kijana hakupata masomo aliyoyataka, akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama yake kupalilia karanga.

Zingatieni kwamba mwenye duka yule hakuwa mwizi. Hakuchukua hata senti. Ila alishikishwa amana ambayo hakujua kuwa ameishika.

Sisi wa Unyamwezi, penye njia ya zamani ya misafara, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1871 Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, alikuta mfuko wa barua za Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870, umekwama pale. Aliuchukua akaufikisha Ujiji, mkononi mwa mwenyewe, mwaka ukiwa umekwisha pita. Barua zilimngoja mwenyewe. Lakini shehena yake iliyotangulia Ujiji haikumngoja, kwani aliyekabidhiwa alidhani mwenye mali amekufa, akaiuza yote.

Basi na tuangalie mlango wenyewe ulivyo. Akaunti huombwa vitu viwili: jina la kuingilia na neno la siri. Jina la kuingilia, katika maombi ya mkopo na katika vyuo vingi, ni namba ya mtihani wa kidato cha nne; na namba hizo Baraza la Mitihani huzitangaza hadharani pamoja na matokeo. Kwa hiyo nusu ya ufunguo yajulikana na watu wote. Ulinzi wote umebaki juu ya neno la siri peke yake, na ndani ya mlango huo mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, habari za wazazi na mdhamini, na akaunti ya benki.

Nasi twaweka nini juu ya mlango huo? Aghalabu tarehe ya kuzaliwa. Lakini kijana wa kidato cha sita umri wake wajulikana kwa kukadiria, na katika miaka 10 mna siku zipatazo 3,650 tu. Programu ya kubahatisha huzimaliza mara moja, ikiwa mfumo hauna kizuizi. Na jirani aliyehudhuria akika hana haja ya programu. Jina la ukoo, Simba au Yanga na 123 mbele yake, ni hali moja. Wengine hudhani kuandika neno la dini kutawalinda, kana kwamba mwizi hakusoma madrasa.

Lililo bora ni maneno manne yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa kura wala si kwa kupenda. Ukiwa na maneno 2,000 ukatoa manne kwa bahati, michanganyiko yake yafika trilioni 16. Mathalani: kinu, reli, jumatano, embe. (Msitumie hili, limekwisha chapwa.) Tia neno la Kinyamwezi ukipenda. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, ilitilia mkazo urefu wa neno kuliko alama za ajabu ajabu, tena ikaacha kutaka watu walibadilishe kila baada ya muda bila sababu. Mfumo ukidai tarakimu na herufi kubwa, ziongezeni, urefu usipungue.

Tena neno moja lisitumike katika milango miwili. Chuo cha MIT, huko Marekani, kilikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia maneno ya siri katika kompyuta, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya Fernando Corbató. Mwaka 1962 mwanafunzi Allan Scherr, aliyetaka saa nyingi zaidi za mashine kuliko alizopewa, aliiagiza mashine imchapie orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake, ikamchapia. Orodha za namna hiyo huvuja hata leo, na neno lililovuja pamoja hujaribiwa kwingine kote.

Lakini hata neno la trilioni 16 halifai kitu ikiwa mlango wa nyuma u wazi. Mlango wa nyuma ni kile kitufe cha "nimesahau neno la siri". Ukikibonyeza, mfumo hutuma ufunguo mpya kwa barua pepe au kwa simu iliyoandikishwa. Mwenye simu hiyo ndiye mwenye akaunti, hata kama jina ni lako. Kwa sababu hiyo laini iwe ya kijana mwenyewe, nayo itumike. Laini iliyoachwa kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Na atakayepiga simu akijiita mtu wa Bodi, akitaka asomewe tarakimu zilizoingia sasa hivi, ni ndugu wa wale wanaotuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Kompyuta ya steshenari nayo ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, jibu ni hapana. Nakala za vyeti zifutwe kabla ya kuondoka, na akaunti ifungwe. Neno lenyewe kuandikwa katika karatasi si kosa, maadamu karatasi inakaa sandukuni pamoja na vyeti, si ndani ya kifuniko cha simu.

Wazazi nao tuna la kuwaambia, ingawa baadhi yao hawatapendezwa. Surat Nur imetufunza adabu ya kubisha hodi. Baba alipaye ada ana haki ya kuuliza matokeo; binti amwoneshe. Lakini kaka kuingia akaunti ya dada yake bila idhini, "kumwangalia tu", ni kuingia bila hodi, na tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kuingia mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa la jinai pia.

Kijana wetu alirudi steshenari ile ile mwaka uliofuata. Safari hii alikuja na laini yake na barua pepe aliyoifungua mwenyewe. Mwenye duka alimwelekeza mpaka penye kisanduku cha neno la siri. Hapo akainuka bila ya kuambiwa, akaenda kusimama mlangoni, akitazama barabara.