Mtoto Aliyesindikizwa: Malezi ya Ulinzi na Masomo ya Chuo

Wachungaji wanaohudumu upande wa Nyakanazi, penye njia panda ya kwenda Ngara, Kibondo, Kahama na Biharamulo, hulijua vizuri ombi hili. Mzazi huja baada ya ibada na kumwomba mchungaji ampigie simu mlezi wa wanafunzi chuoni, aulize kama mwanawe anakula, kama anahudhuria vipindi, na anafuatana na nani. Mwana huyo ana umri wa miaka 22. Twataka kueleza jinsi malezi ya namna hii yanavyougeuza moyo wa mwanachuo kuhusu masomo yake.

Yatupasa kwanza kumtendea mzazi haki, kwa kuwa hofu yake ina chanzo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Katika miaka iliyofuata silaha zilizagaa kutokana na vita vya nchi jirani, ujambazi ukaingia mapori ya Biharamulo na Kimisi, na mabasi yakawa yakivuka kwa kusindikizwa na askari. Wazazi wengi wa wanachuo wa leo walikuwa watoto au vijana wakati huo. Walijifunza kwamba mtoto asiyeonekana yumo hatarini. Mapori hayo tangu 2019 yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, lakini katika nyumba nyingi msindikizaji hajashuka garini.

Mtoto wa nyumba hiyo hupelekwa bweni angali mdogo. Tahasusi huchaguliwa na baba, kozi huchaguliwa na mjomba. Afikapo chuoni si mvivu, wala hana dharau. Ila masomo kwake ni mzigo wa mtu mwingine aliokabidhiwa aufikishe salama. Swali lake darasani ni moja: je, hili litatoka kwenye mtihani? Akishindwa jaribio, hajiulizi ni nini hakukielewa. Huwaza nyumbani watapokeaje habari. Hapo ndipo kuficha matokeo na kunakili kazi ya mwenzake huanzia. Watu husema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini methali hiyo yamhusu mzazi asiyeonya. Huyu wetu ameonywa sana. Hakuachiwa tu kuamua.

Zamani taratibu za nchi zilimtenga kijana na nyumbani kwao. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na Jeshi la Kujenga Taifa lilimpokea kwa mujibu wa sheria hadi utaratibu huo uliposimama mwaka 1994, ukarejeshwa 2013. Hatutamani yote ya wakati ule.

Vyuo vya theolojia navyo havikuepuka. Wako wanaokuja kwa sababu mama aliweka nadhiri. Martin Luther alikabiliwa na kinyume chake: baba yake Hans alimtaka awe mwanasheria, naye mwaka 1505 akaingia monasteri bila idhini yake. Hata hivyo, alipoandika juu ya nadhiri za watawa mwaka 1521, alimwandikia baba huyo dibaji na kukiri kwamba alikuwa ameivunja Amri ya Nne. Aliweza kukiri hivyo kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Mwanachuo asiyewahi kuamua atakiri nini? Tena, akiwekewa mikono, ataongozaje usharika wenye kesi ya ardhi, wenye mjane, wenye wazee wasiopatana, naye angali akingoja simu ya nyumbani?

Sisi wenyewe tumezipiga simu hizo, tukidhani ni uchungaji. Siku hizi mzazi akituomba, twamwita mwanachuo aketi nasi, na twamsihi aeleze kwa kinywa chake anasoma nini muhula huu. Baba mmoja alikuwa amelipa ada miaka mitatu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza mwanawe maana ya neno moja alilolitaja, na kijana akamweleza.