Majaribio ya Git: sekunde ndogo, bili kubwa

Majaribio ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, yana saa yake yenyewe. Huanzia 7 Aprili 2005, saa 9:13 alasiri na sekunde 13, kwa saa za magharibi mwa Marekani. Ndiyo sekunde iliyoandikwa kwenye komiti (rekodi ya mabadiliko) ya kwanza kabisa ya programu hiyo, aliyoiweka mwanzilishi wake, Linus Torvalds. Jaribio likihitaji komiti nyingine, saa husogezwa sekunde 60, basi. Utambulisho wa komiti hukokotolewa pamoja na muda wake, kwa hiyo saa ya kweli ingefanya jaribio la leo litoe jibu tofauti na la jana.

Hiyo ni gharama ya kwanza: kutuliza kila kinachoyumba. Ukubwa wa kazi ndio unaofanya jambo dogo kama hilo liwe na uzito. Folda ya majaribio ina takriban faili 1,000 za sheli, yaani programu inayotekeleza amri za maandishi, kila moja ikianza na herufi t na tarakimu nne: zinazoanza na 0 ni za mambo ya msingi, 4 ni za kulinganisha matoleo, 5 ni za kutuma na kupokea. Ndani yake mna majaribio zaidi ya 20,000.

Sheli inafaa kwa sababu Git hutumiwa kwa kuandika amri, na jaribio huandika amri zilezile za mtumiaji. Lakini kila amri huzaa mchakato mpya, na mchakato una bei; hiyo ni gharama ya pili. Tufanye hesabu ya mfano: majaribio 20,000, kila moja michakato 10, ni michakato 200,000. Mchakato ukila milisekunde 1, kama inavyowezekana kwenye Linux, jumla ni sekunde 200, dakika tatu na kitu. Ukila milisekunde 20, kwa kuwa kwenye Windows sheli hulazimika kuiga tabia za Unix, jumla ni sekunde 4,000: dakika 67. Mradi wa Git huyagawa majaribio ya Windows katika mafungu 10 yanayokwenda sambamba. Kwa mfano wetu, anayesubiri atangoja chini ya dakika 7, ila mashine zitakuwa zimefanya kazi dakika zilezile 67. Kugawa kunapunguza kusubiri, bili inabaki palepale.

Gharama ya tatu ni jaribio linalosema uongo. Sheli huripoti matokeo ya amri ya mwisho tu. Ukisahau alama &&, inayounganisha amri, kati ya mistari miwili, amri ya katikati inaweza kuanguka na jaribio likapita. Dawa ya Git ni ya kijanja: mbele ya kila jaribio huwekwa amri inayoshindwa makusudi kwa namba 117. Mnyororo wa alama hizo ukiwa mzima, hakuna kingine kinachotekelezwa na 117 inatoka hadi mwisho. Pakiwa na pengo, amri inayofuata inatekelezwa na namba inapotea. Ukaguzi huo karibu ni wa bure.

Ya nne hujificha miaka. Utambulisho wa komiti ukikokotolewa kwa njia ya SHA-1 una herufi na tarakimu 40; ukikokotolewa kwa SHA-256, njia iliyoingia kwa majaribio katika toleo la 2.29 mwaka 2020, una 64. Majaribio yaliyokuwa yameandikwa utambulisho wa 40 waziwazi ilibidi yapitiwe na kurekebishwa. Mistari iliyookoa dakika siku ya kuandikwa ilikuja kudai saa nyingi baadaye.

Sasa chukua chombo chako mwenyewe, chenye faili 30 za majaribio. Tuseme kila faili huanguka bila sababu mara 1 katika 1,000. Mzunguko mzima utaanguka kama mara 3 katika 100. Utabonyeza kitufe cha kurudia na kuendelea na kazi. Kwa kiwango hichohicho, faili 1,000 zingeangusha mizunguko 63 katika 100, na hapo hakuna tena anayeamini taa nyekundu. Faili hazikuwa mbaya zaidi, ziliongezeka tu. Samaki hukunjwa angali mbichi: jaribio linaloyumba litengeneze zingali faili 30.